Usaili wa mahojiano: vitunguu vya mama usivifiche

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, nilimaliza shahada ya kilimo pale SUA mwaka 2022. Nimeshaitwa Dodoma mara tatu kwenye usaili wa Afisa Kilimo Daraja la II. Mchujo wa kuandika napita, nikifika kwenye mahojiano naanguka. Majibu nayakariri kutoka kwenye makundi ya WhatsApp, lakini nikianza kusema sauti inatetemeka. Wakiniuliza tangu nimalize chuo nafanya nini, nasema natafuta ajira. Ukweli ni kwamba niko shambani na mama, tunalima vitunguu. Naona aibu kusema. Nimeitwa tena, zimebaki wiki tatu. Nifanyeje?
Binti wa Ruaha Mbuyuni

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hapo kwenye aibu nimeumia. Kabla sijastaafu uafisa utumishi nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka mingi. Hicho unachokificha ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Kila mjumbe wa jopo ana karatasi yake ya alama. Anaingia msailiwa wa kwanza: "Mimi ni mtu wa kujituma, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu." Tunaandika. Wa nne anakuja na sentensi ileile, neno kwa neno. Akifika wa tisa, kalamu zimelala mezani. Siku moja akaingia kijana aliyeomba kazi ya ugavi. Tukamuuliza kuhusu mfumo fulani wa kompyuta. Akasema, "Huo sijautumia. Nimetunza leja ya duka la mjomba. Mzigo ukifika nauhesabu dereva akiwa amesimama hapo hapo, ndipo nasaini." Sote tuliinua nyuso. Alama nilizompa siku ile nazikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo ukiambiwa ujieleze, taja shahada yako, kisha useme unalima vitunguu na mama yako, ekari ngapi, misimu mingapi. Mtaalamu wa kilimo aliye kwenye jopo hataliacha lipite. Atakuuliza thiripi, wale wadudu wadogo wanaoshambulia vitunguu, mnazidhibitije. Hapo huhitaji cha kukariri: utakumbuka jani lenye michirizi ya rangi ya fedha, ulivyoyapanua majani shingoni ukakuta vidudu vya manjano vimejibana ndani, dawa iliyokataa na kwa nini mkabadilisha. Mweleze pia mnavyovutana na dalali anapotaka mjaze lumbesa, gunia lililopitiliza kipimo. Wakulima utakaowahudumia wana kilio hichohicho. Ila usitie chumvi. Ekari ikiwa moja, sema moja, maana swali linalofuata litakuumbua.

Kutetemeka kidogo tulikuzoea, wala hakumpunguzii mtu alama kwangu. Vuta pumzi, lirudie swali kwa maneno yako, ndipo ujibu. Usilolijua sema hulijui, kisha eleza ungeanzia wapi kulitafuta.

Vyeti halisi viandae leo, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana na la kidato cha nne, shughulikia hati ya kisheria ya majina sasa hivi. Nimeona watoto wenye akili zao wakirudishwa mlangoni kwa herufi mbili tu. Nauli na malazi ni juu yako, najua si kidogo, lakini jitahidi ulale Dodoma usiku wa kuamkia usaili. Usishuke kwenye basi la Iringa, na uchovu wote wa njia ya Mtera, ukaenda moja kwa moja mbele ya jopo.

Hayo makundi ya WhatsApp yaache kwa wiki hizi tatu. Jioni mkitoka shambani, mketishe mama yako juu ya gunia, umweleze kazi mnayoifanya kana kwamba haijui. Akikukatiza kwa kusema "hapo sivyo ilivyokuwa", rudia hapo mpaka akubali.