Swali la lugha: Unafuu wa makazi au kumudu makazi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mwanza, naandika juu ya wapangaji wa Mabatini na Bugarika. Utafiti wangu niliuita "Unafuu wa makazi". Msimamizi amekata kwa kalamu nyekundu, akaandika "kumudu", basi. Mbona kila tangazo linasema nyumba za bei nafuu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi, ila alipaswa kukueleza.

Siku moja pale Mwaloni, Kirumba, nilimsikia mama muuza dagaa akimjibu dalali: "Bei yake nzuri, baba, ila siimudu." Chumba chenyewe kilikuwa cha bei ya chini, lakini mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mama yule aliyatenga mambo mawili ambayo kichwa chako kimeyachanganya. Nafuu ni sifa ya bei. Kumudu ni habari ya mtu na mfuko wake.

"Nafuu" ni ndugu wa "manufaa" na "kunufaika", yote kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Mgonjwa hupata nafuu, maana yake maradhi yamepungua. Bei nafuu nayo ni bei iliyopungua, lakini neno halisemi imepungua kwa nani. Kwenye tangazo linatosha. Kwenye utafiti linakuangusha, kwa sababu wanaochunguza makazi wamekuwa wakisogea mwaka hadi mwaka kutoka kwenye bei kwenda kwa mlipaji.

Kipimo kilichozoeleka ni sehemu ya kipato inayoliwa na kodi. Marekani, sheria ya 1969 iliweka kikomo cha asilimia 25 kwa wapangaji wa nyumba za umma, na 1981 kikapandishwa hadi 30. Kisha watafiti kama Michael Stone wakauliza: baada ya kodi, kinabaki nini? Chukua wapangaji wawili wanaolipa asilimia 30. Mwenye kipato cha shilingi 2,000,000 anabaki na 1,400,000. Mwenye 200,000 anabaki na 140,000, na humo mna chakula, maji, ada na dawa. Asilimia ni ileile, lakini wa pili hamudu. Hapo "unafuu" hauna la kusema.

Baadaye nauli nayo ikaingizwa kwenye hesabu. Wewe wa Mwanza hili unalijua kwa miguu. Chumba cha Buhongwa au Kisesa kinaweza kuwa na kodi ndogo, daladala ikala tofauti yote kabla ya mwisho wa mwezi. Na juu ya mawe ya Bugarika, kila ndoo ya maji inayopandishwa kwa malipo ni sehemu ya kuishi pale. Ndiyo maana nakuomba utofautishe "bei" na "gharama": bei hutajwa na mwenye mali, gharama ni jumla ya yote yanayomtoka anayelipa. Wengi huyaandika kama neno moja, na tasnifu nyingi zimeharibika hapo.

Sasa sarufi. Kumudu hubeba mtendwa: "wapangaji wanaimudu kodi". Ukitaka nyumba iwe kiima, tumia "mudika", kama haribu inavyozaa haribika: "makazi yanayomudika". "Nafuu" halichukui kiambishi cha ngeli, kwa hiyo ni "nyumba nafuu", "vyumba nafuu", kamwe si "vinafuu". Wapo wanaoandika "umudu wa makazi". Mimi silipendi, sikio halijalipokea. Na mara ya kwanza andika "kodi ya pango", msomaji asidhani ni kodi ya serikali.

Kichwa chako kiwe: "Uwezo wa wapangaji kumudu gharama za makazi Mabatini na Bugarika, Mwanza". "Nafuu" ibakize pale unaponukuu matangazo.