Kuhamasisha kupima mlango wa kizazi baada ya kufiwa na dada: anzia kwa mratibu, spika baadaye

Dada wa Kongwa, pole sana kwa msiba. Umeuliza uanzie wapi ili wanawake wa kijijini kwenu wapimwe mapema, kwa kuwa marehemu alifika hospitali saratani ya mlango wa kizazi imeshasambaa.

Fulana na spika ziache kwanza. Hesabu ni hii: kumpima mama mmoja, pamoja na maelezo na kuandika, huchukua kama dakika 15. Muuguzi mmoja kwa siku atafikisha 25 hivi, tena spekulamu (kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane) safi zikiwepo, maana kila mama na yake. Ukiwaita 150, zaidi ya mia wanarudi bila kupimwa, na kuwaita tena ni kazi. Nenda kwa mganga mkuu wa wilaya akuunganishe na mratibu wa afya ya uzazi na mtoto. Muulize zahanati ipi ina muuguzi aliyefunzwa, spekulamu ngapi, na kama mashine ya kutibu palepale, inayogandisha kwa baridi sehemu iliyobadilika, inafanya kazi. Mtendaji wa kijiji utamwona ukiwa na tarehe mkononi.

Kuhusu tarehe: Januari ndiyo mwezi wa saratani hii kwenye kalenda, lakini Dodoma Januari watu wako shamba wanapalilia. Subiri mavuno yaishe, Juni hadi Agosti, au tumia siku za kliniki ya watoto.

Uelewe kipimo chenyewe, maana utaulizwa. Mlango wa kizazi hupakwa siki maalumu ya asilimia 3 hadi 5, inasubiriwa dakika moja, kisha panaangaliwa kama pamegeuka weupe. Siki ichanganywe siku hiyohiyo. Iliyokaa hupungua nguvu, na weupe usipotokea mgonjwa ataambiwa yuko salama. Weupe peke yake haumaanishi saratani, mara nyingi ni mabadiliko yanayoweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Hili lirudie mpaka uchoke. Walengwa hasa ni miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU huanza mapema na hupimwa mara nyingi zaidi. Aliye hedhini apangiwe siku nyingine. Bibi aliyekoma hedhi zamani kipimo hiki hakimfai sana, kwa sababu eneo linalotazamwa limeshaingia ndani.

Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekoma hedhi kisha damu ikarudi, asingoje kampeni yako. Huyo aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, akakatwe kinyama kidogo kikapimwe. Mionzi ikihitajika, hospitali ya saratani ya Ocean Road ipo Dar es Salaam. Nauli na pa kufikia vipangwe mapema, wengi hukwamia hapo.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kuwasahau waume. Baada ya kutibiwa kwa baridi, mama hutokwa majimaji kwa wiki kadhaa na anatakiwa kuacha tendo wiki 4. Mume asipoelezwa, mama atakataa tiba, au atatibiwa na kugombezwa. Waite wanaume siku yao, azungumze nao mwanaume mwenzao.

Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wana chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, sasa dozi moja. Uvumi wa kuwafanya tasa ajibu muuguzi, wewe usibishane.

Picha ya marehemu uitumie wazazi wakiridhia, na iwe ya alipokuwa mzima. Ya kitandani inatisha, na aliyetishwa hajitokezi.