Nalipia KNUT tayari, KEPSHA ya nini? Jibu kutoka Pate

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kupewa shule. Umeandika kwamba tangu uteuliwe mwalimu mkuu huko upande wa Malindi, mwenyekiti wa zoni hachoki kukukumbusha ada ya KEPSHA, chama cha walimu wakuu wa shule za msingi, na wewe tayari unakatwa kwenye mshahara ada ya KNUT, chama cha kitaifa cha walimu. Unauliza kama huko si kulipia kitu kimoja mara mbili. Wachangiaji kadhaa wa mjadala huu wamekujibu usilipe, eti chama chenyewe ni cha kwenda Mombasa mara moja kwa mwaka na kurudi. Mimi ni mwalimu mkuu kisiwani Pate, kaunti ya Lamu, nilikuwa naibu kabla ya hapo, na nimekaa kwenye kamati ya kaunti ndogo kwa muda sasa. Nakushauri ulipe. Lakini ujue unacholipia, maana wengi wanalipa wakitarajia jambo ambalo chama hiki hakikuundwa kulifanya, halafu wanavunjika moyo.

KNUT ni chama cha wafanyakazi. Kipo tangu 1957, na kazi yake kubwa ni mshahara na masharti ya kazi ya mwalimu. Mkataba wa pamoja wa 2025 hadi 2029 baina ya walimu na TSC, tume inayowaajiri, ulitiwa saini na vyama vya wafanyakazi vya walimu: KNUT, KUPPET na KUSNET. KEPSHA haikuwa mezani, wala KESSHA ya wakuu wa shule za upili, kwa sababu vyama hivi viwili havina kazi hiyo. Ukingoja KEPSHA ikuongezee marupurupu utangoja sana. Kwa hiyo KNUT usiiache.

Ila tazama ulipokaa sasa. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 wewe ni katibu wa bodi ya shule. Kwa TSC wewe ndiwe unayeangalia nani yuko kazini na nani hayuko. Tangu mageuzi ya mitihani ya 2016 wewe ndiwe msimamizi wa kituo, karatasi ikipotea jina lako ndilo la kwanza kutajwa. Na kwa mzazi wewe ndiwe serikali, hana mwingine wa kumgongea mlango. Sasa mwalimu wa shuleni kwako akizoea kukosa vipindi na ukamwandikia barua ya kujieleza, atakwenda kwa katibu wa tawi la KNUT, na ni haki yake kwenda. Katibu yule atakuwa ana wanachama wawili mkononi, mwalimu yule na wewe, na mwalimu ndiye mnyonge zaidi. Simlaumu katibu. Siku hiyo utahitaji watu waliowahi kuiandika barua kama ile, wanaojua neno gani litakupeleka pabaya na hatua gani usiiruke, na watu hao hutawapata kwenye tawi la KNUT. Utawapata kwenye mkutano wa walimu wakuu.

Msaada huu wa rika ndio mkubwa, na hauandikwi kwenye magazeti. Serikali ina taasisi yake ya kufunza uongozi wa shule, KEMI, na kozi zake ni nzuri, mimi mwenyewe nimezifaidi. Lakini kozi haitakuja kukaa nawe jioni kabla ya kukabidhiwa shule. Nilipopewa shule yangu, mwenyekiti wa zoni alikuja na mwalimu mkuu mwingine mkongwe, wakafungua daftari la fedha mbele yangu na mbele ya aliyekuwa anaondoka. Walilinganisha salio la akaunti ya SIMBA, ile ya vifaa vya kufundishia, na salio la taarifa ya benki. Kisha wakafanya hivyo kwa akaunti ya matumizi ya kawaida. Kisha wakatoka nje kuhesabu madawati, mikebe ya rangi na mabati yaliyobaki stoo. Kila kilichopungua kiliandikwa kwenye hati ya makabidhiano na wote tukatia saini. Mwaka uliofuata wakaguzi walipouliza mabati, ile hati ndiyo iliyojibu. Kama wewe ulipokea funguo tu na kuambiwa "kila la heri", mwambie mwenyekiti wako wa zoni aje mfanye zoezi hilo hata leo.

Nije kwenye utetezi, maana hapo ndipo wengi wanapoona chama hakifanyi kitu.

Huku kwetu kila kitu hupanda boti. Chaki, saruji, rimu za karatasi, fundi mwenyewe, vyote vinatoka Amu, yaani mji wa Lamu, vinapita mfereji wa Mkanda, vinashukia Mtangawanda, halafu vinapandishwa bodaboda. Mkanda ni mwembamba na maji yakipwa boti haipiti. Nahodha ama angoje maji yajae, ama azunguke nje ya kisiwa cha Manda kwenye mawimbi, na petroli ya kuzunguka huko si ile ya kupita ndani. Kwa hiyo mzigo uleule Jumanne una bei moja na wiki ya pili una bei nyingine. Na nahodha hana kitabu cha risiti, anakwambia bei, unalipa, mnaagana.

Wakaguzi wa hesabu walipopitia vitabu vya shule moja ya visiwani, malipo yote ya boti yaliandikiwa hoja ya ukaguzi: hayana risiti rasmi, na bei zinapanda na kushuka bila maelezo. Mwalimu mkuu akaandikiwa arudishe pesa hizo kutoka mfukoni mwake. Mtu mwadilifu, tunamjua sote. Alikaa na barua hiyo muda mrefu bila kumwambia mtu kwa sababu ya haya, maana barua ya namna hiyo inanuka wizi hata kama hakuna wizi.

Alipoisoma kwenye mkutano wetu, wa pili akasema na mimi ninayo. Kisha wa tatu. Tukaambiana kila mmoja aje na vitabu vyake. Tukakaa darasani, tukapanga malipo ya boti ya shule zetu kwa tarehe, na kando ya kila tarehe tukaandika hali ya maji siku hiyo, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ama maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Ikaonekana waziwazi: bei zilipopanda shule moja, zilipanda zote. Tukaandika waraka mmoja, mwenyekiti na katibu wakautia saini, ukapelekwa afisi ya elimu pamoja na pendekezo la vocha. Vocha yenyewe ni ukurasa mmoja: jina la nahodha, nambari yake ya kitambulisho na ya simu, alikopakia na alikoshusha, mzigo gani, njia ya ndani au ya nje, ujumbe wa M-Pesa umenakiliwa chini, saini ya nahodha, ya mwalimu mkuu na ya mwenyekiti wa bodi. Tangu hapo tunaitumia, na zile hoja za nyuma zilifungwa baada ya maelezo. Mwenzetu hakulipa.

Angeandika peke yake angeonekana anajitetea. Tulipoandika pamoja ikawa ni habari ya jinsi kisiwa kinavyofanya kazi. Hiyo ndiyo nguvu ya chama cha walimu wakuu, na sijaona chombo kingine chenye uwezo huo kwa mtu wa cheo chetu.

Pesa za mgao, zile serikali inazotoa kwa kila mtoto, ni vivyo hivyo, ila kwa kiwango kikubwa zaidi. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003 mgao ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, baadaye ukafika 1,420. Piga hesabu ya shule yenye watoto 120, na zipo nyingi huku: ni shilingi 170,400 mwaka mzima, kabla hujaondoa kilichochelewa. Mlinzi, maji, ukarabati na nauli za boti, vyote vinatoka humo, na vingi havipungui kwa sababu watoto ni wachache. Shule ya mjini Malindi yenye watoto elfu moja inalipa mlinzi, nasi tunalipa mlinzi. Hoja yetu ya visiwani, ambayo tunaipandisha kila mwaka kupitia wajumbe wetu, ni kwamba shule ndogo iwe na kiwango cha chini kisichotegemea idadi. Haijakubaliwa. Lakini haiwezi kubebwa na mwalimu mkuu mmoja, na KNUT haiwezi kuibeba kwa uzito huo kwa sababu si mshahara wa mtu.

Waone wenzetu wa shule za upili. Mgao wao ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, unatakiwa kuja asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Wanaposema hadharani kwamba pesa hazijaja au zimekuja pungufu, anayesema ni mwenyekiti wa KESSHA. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa ya Kahi Indimuli, na nchi nzima ilimjua kwa hilo. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba bajeti iliyopo haifikishi hiyo 22,244. Kumbe walimu wakuu walikuwa wakiyasema hayo muda wote. Mwalimu mkuu mmoja akisimama peke yake mbele ya kamera kulia pesa, kesho yake ataulizwa kwa ruhusa ya nani. Chama hakiulizwi hivyo. Kwa hiyo ukisikia mkutano wa Mombasa, usifikirie hoteli tu. Pale ndipo waziri na wakubwa wa TSC wanapokaa chumba kimoja na maelfu ya walimu wakuu na kusikia mambo ambayo barua za kawaida haziwafikishii. Kama mjumbe wenu anarudi bila taarifa, huyo mjumbe mumbadilishe.

Sekondari msingi, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, ilipoletwa kwenye shule zetu Januari 2023, mvutano ulikuwa mkubwa kuhusu nani aiongoze, na mpaka leo wapo walimu wa sekondari msingi wanaotaka wajitegemee. Mimi naona watoto wamefaidika kusomea karibu na nyumbani, hasa wasichana, maana huku kwenda shule ya upili mara nyingi ni kuvuka bahari. Lakini mwalimu mkuu ameongezewa jukumu la maabara asiyokuwa nayo, akaunti nyingine na walimu wengine wenye madai yao halali, na malipo yake hayakufuata mzigo. Hili lipigiwe kelele na KEPSHA na KNUT kwa pamoja, na vyama hivyo viwili vikisukumana badala ya kushikana tutakaoumia ni sisi.

Jambo lililo moyoni mwangu zaidi ni Basuba, wadi ya upande wa bara hapa Lamu. Shule tano za wadi hiyo, Basuba, Mangai, Milimani, Mararani na Kiangwe, zilifungwa 2014 kwa sababu ya mashambulizi ya Al-Shabaab. Watoto wa Waboni, jamii inayoishi huko, walikaa bila masomo, baadhi wakachukuliwa kulala shule ya bweni ya Arid Zone pale Mokowe, wengine hawakurudi darasani tena. Hata palipofunguliwa, ni madarasa ya chini tu kwanza. Mwalimu mkuu wa shule iliyofungwa bado ni mwalimu mkuu: ana rejista, ana mali ya shule, ana watoto waliotawanyika. Kwenye mikutano yetu huwa nasisitiza habari za Basuba zisomwe kila mara, hata wanaosikiliza wakichoka, kwa sababu shule isiyo na sauti hufutwa polepole kwenye karatasi mpaka mtu asikumbuke kuwa ilikuwepo. Vivyo hivyo mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa: NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, ulidai cheti, bila cheti hakuna mgao wake, na bado yumo darasani anatumia chaki. Nani ataliona hilo kwanza kama si mwalimu mkuu?

Pungufu zipo, na nasema hivi kwa kukipenda chama. Marekani walimu wakuu wa shule za msingi wana chama chao, NAESP, tangu 1921, na mwanachama hupata bima ya kumkinga akishtakiwa kwa jambo la kazini pamoja na msaada wa gharama za wakili. Natamani tuwe na mfuko wa namna hiyo, hata wa kaunti, kwa sababu mwalimu mkuu anayesimamishwa kazi kabla ya kusikilizwa anaweza kuuza shamba kumlipa wakili. Nimelipendekeza na nitaendelea. Na sitaki chama kimfiche mtu aliyekula pesa za watoto. Tukimtetea mmoja wa namna hiyo, ile vocha ya boti haitaaminika tena na mtu yeyote.

Sasa, kabla hujalipa, fanya hivi. Dai risiti yenye jina la chama, si ujumbe wa simu wa mtu binafsi. Uliza hesabu za mwaka jana zilisomwa lini na zoni inabakiwa na kiasi gani kwenye ada yako. Uliza nani aliwawakilisha Mombasa na alibeba hoja zipi kutoka kwenu. Wakikujibu vizuri, lipa na uende mikutanoni na vitabu vyako. Wasipokujibu, lipa pia, kisha ugombee uchaguzi ukifika, maana viti vya zoni mara nyingi hukosa wagombea.

Kama shule yako iko sehemu za kuvuka mto au barabara hukatika mvua zikinyesha, niandikie nikutumie nakala ya vocha yetu. Badilisha neno "nahodha" uweke "dereva", upange na wenzako wa zoni muipeleke afisi ya elimu pamoja, isiende na saini yako peke yake.