Maswali na majibu: pembetatu bila kalkuleta

Mwalimu, sin 30, cos 45 na tan 60 nazishika aje kichwani? Kwa mtihani zinachanganyika. (Kidato cha tatu, Umoja)

Usizishike, zichore. Chora pembetatu ya pande sawa, kila upande 2, pembe zote digrii 60, ikate katikati toka juu mpaka chini, sasa uko na pembetatu yenye pembe mraba, chini 1, haipotenusi (ule upande mrefu, ulio mbele ya pembe mraba) 2, na Pythagoras anakupea kimo √3. Pembe ya juu imebaki 30. Sin ni upande ulio mbele ya pembe gawanya kwa haipotenusi, cos ni ulio kando gawanya kwa haipotenusi, tan ni wa mbele gawanya kwa wa kando. Sin 30 ni 1/2, tan 60 ni √3, unazisoma tu hapo. Ya 45 ni pembetatu yenye pembe mraba, pande mbili za 1 na 1, haipotenusi √2, basi cos 45 ni 1/√2. Michoro miwili pembeni mwa karatasi imeisha hiyo. Na tafadhali, swali likisema bila kalkuleta usiandike 0.866, hapo unamwambia msahihishaji ulibonyeza, acha √3/2 vile ilivyo.

Nimepewa sin x = 5/13, x ni pembe kali (chini ya digrii 90). Nitapataje tan x na sijui x ni ngapi?

Ya nini kuijua? Weka 5 mbele ya x, 13 kwa haipotenusi, 169 toa 25 ni 144, upande uliobaki ni 12. Tan x ni 5/12. Wengi wanakimbilia kutafuta pembe, wanapata 22.6 na desimali zake, alafu wanarudi kwa tan na jibu lililokadiriwa wakati lile kamili lilikuwa mbele yao.

SOHCAHTOA, ule ufupisho wa kukumbuka sin, cos na tan, inatumika kwa pembetatu yoyote?

Hapana! Bila pembe mraba hakuna. Nimelijibu hili mara nyingi sana, someni swali kabla ya kuanza kugawanya.

Na sin 40?

Hiyo haitoki kwa michoro yetu, nenda kwa jedwali. Lakini ukipewa sin 40 ni 0.6428 ukaulizwa cos 50, jibu ni hilo hilo, kwa sababu 40 na 50 zinakaa kwa pembetatu moja na upande ulio mbele ya moja ndio uko kando ya nyingine.

Nikiona kilele cha KICC, lile jengo refu la mikutano Nairobi, kwa pembe ya 60 niko mbali kiasi gani?

KICC ni mita 105. Tukiacha kimo chako, umbali ni 105/√3, zidisha juu na chini kwa √3, ni 35√3, karibu mita 61. Rudi nyuma mpaka pembe iwe 45, uko mita 105 kamili.

Nimnunulie mtoto kalkuleta ya saintifiki mapema? (Mzazi, Kayole)

Mama, ngoja kidogo. Nawaona wanafunzi wanabonyeza sin 30 mashine ikiwa kwa rediani (kipimo kingine cha pembe, si digrii), inawapa −0.988 na wanaiandika bila kushtuka, na sin ya pembe kali haiwezi kuwa hasi hata siku moja. Mwambie akuchoree ile pembetatu ya 30 na 60 mezani bila kitabu. Akiweza, nunua.