Schramme alikuwa na bunduki, hakuwa na raia

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini uasi wa kiongozi wa mamluki huishia njiani. Wengi watawaandikia kuhusu Prigozhin, mkuu wa mamluki wa Wagner wa Urusi, na msafara wake wa kuelekea Moscow mwezi Juni 2023. Mimi nawapeleka Bukavu, mashariki ya Kongo, mwaka 1967, maana pale mwasi alipata karibu miezi mitatu ndani ya mji na bado hakufika popote.

Jean Schramme, Mbelgiji mwenye mashamba, alikuwa akiongoza kikosi cha kukodiwa upande wa Mobutu, rais wa Kongo. Kikosi kilipokaribia kuvunjwa, akaasi tarehe 5 Julai, Kisangani. Nia ilikuwa kumrudisha madarakani Moïse Tshombe, waziri mkuu wa zamani aliyekuwa uhamishoni. Lakini tarehe 30 Juni ndege aliyopanda Tshombe ilitekwa angani ikapelekwa Algeria, naye akazuiliwa huko. Kwangu mimi uasi ulikufa siku hiyo, kabla haujaanza: ulibaki na silaha, ukakosa mtu ambaye Wakongo wangeweza hata kubishana juu yake.

Agosti Schramme aliingia Bukavu. Alikuwa na mamluki wasiofika 200, na mamia ya askari wa Katanga, jimbo la kusini alikotoka Tshombe, waliowahi kumtumikia. Kwa mapigano walitosha. Jeshi la Mobutu lilihangaika nao wiki nyingi. Kwa kutawala, je? Ilibidi atafutwe Kanali Monga, Mkatanga, atangazwe mkuu wa serikali katika mji wa jimbo jingine, Kivu, ambao haukuwa umemwita. Kisha Mobutu akapewa siku 10 aje wazungumze. Hapo Schramme alijifichua: anayeitaka nchi haiachi ikulu kwa mwenyewe akabaki kungoja jibu. Alikuwa bado anajadiliana na mwajiri wake.

Mwajiri huyo, Mobutu, alikuwa na dola, yaani serikali inayotambuliwa. Marekani ilimpa ndege za kusafirishia askari, na mwezi Septemba marais wa Afrika wakakutana Kinshasa kwake. Schramme risasi zilimwishia, hakuna wa kumletea. Mwanzoni mwa Novemba alivuka mto Ruzizi, akaingia Rwanda.

Mamluki wazungu walisafirishwa hadi Ulaya mwaka 1968. Wakatanga waliahidiwa msamaha, wakarudishwa Kongo, wakauawa. Jambo hili linaniuma kila uasi ule unaposimuliwa kwa majina ya wazungu peke yake, kwa sababu waliokuwa wengi kwenye mahandaki ya Bukavu ni hao Wakatanga.