Okulari ya kutazamia sayari kwa pesa kidogo

Kama una darubini ya bei nafuu hapa Lubumbashi, iwe uliinunua mjini au ililetwa na mtu kutoka Dubai, tazama ubavuni mwa katoni yake. Mara nyingi utakuta 525x au 675x kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Namba hizo hazikuokotwa njiani. Darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi pale mwanga unapokutana) wa milimita 700, ukiugawa kwa okulari, ile lenzi ndogo ya upande wa jicho, ya milimita 4, inakuza mara 175. Ukichomeka na ile lenzi ya Barlow ya mara 3 iliyomo katonini, inayozidisha ukuzaji wa okulari, unafika 525. Darubini ya milimita 900 inafika 675 kwa njia hiyohiyo. Hesabu ni sahihi kabisa, ila hakuna cha maana utakachokiona ukifika huko.

Kijana mmoja wa Kampemba aliniletea ya kwake akiwa amekasirika. «Yaya, hii inavuta mara 525, mbona Mshtarii ni kama taa ndani ya moshi?» Nikamwambia, mdogo wangu, achana na namba ya katoni, nionyeshe upana wa lenzi ya mbele. Ilikuwa milimita 70. Basi zidisha mara mbili: 140. Hapo ndipo darubini ile inapoishia, na usiku mwingi inaishia kabla ya hapo.

Sababu ni mwanga wenyewe. Lenzi ya milimita 70 haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya sekunde ya tao 1.7 hivi (digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika sekunde 60), na Mshtarii ikiwa karibu nasi kabisa ina upana wa kama sekunde 50 tu. Undani wote wa picha umeshaamuliwa na lenzi ya mbele. Okulari inautandaza tu mbele ya jicho. Ukiutandaza kupita kiasi, picha inafifia na haiongezi kitu. Halafu kuna wembamba wa mwali unaotoka upande wa jicho. Gawa upana wa lenzi kwa ukuzaji: milimita 70 kwa mara 525 ni milimita 0.13. Mwali mwembamba hivyo unakuonyesha takataka zinazoelea ndani ya jicho lako kabla ya kukuonyesha sayari. Kwa sayari mimi napenda mwali usishuke chini ya milimita 0.6, na 0.8 ndipo macho yangu yanapostarehe.

Kwa hiyo, ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua okulari ya milimita 6 yenye uwanja wa kuona wa digrii 66 au 68. Zipo zenye mstari wa rangi ya dhahabu shingoni. Svbony wanaziuza, na wengine wengi wanauza zilezile bila jina. Kule zinakotoka bei yake inazunguka dola 30, kisha unaongeza usafiri. Kwenye darubini ya milimita 700 itakupa mara 117, kwenye 900 mara 150, kwenye ile ndefu ya 1200 mara 200. Hapo katikati ndipo mikanda ya Mshtarii inapojitokeza vizuri na pete za Zohali zinapotengana na mwili wake. Katika familia hiyo, ya 6 na ya 9 ndizo nazozipendekeza. Ya 20 inavurugika pembeni kwenye darubini fupi.

Najua wengi watasema Plössl. Ni okulari ya heshima: mchoro wake ni wa Georg Simon Plössl, fundi wa Vienna, wa mwaka 1860, lenzi nne katika jozi mbili, na ile ya milimita 10 kwa dola chache ni mali safi. Tatizo linaanza ukishuka chini. Kwenye Plössl, jicho linatakiwa kukaa umbali wa karibu asilimia 70 ya urefu wa fokasi. Ya milimita 10 inakupa milimita 7, unavumilia. Ya 6 inakupa nne na kitu. Ya 4 haifiki hata tatu: kope zinapangusa kioo, mafuta yanabaki pale, na katika baridi ya mwezi wa sita pumzi yako inakifunika ukungu kila baada ya muda mfupi. Mwenye miwani asahau kabisa. (Na mwenye miwani, kwa taarifa: kama tatizo lako ni kuona mbali au karibu tu, ivue, skrubu ya kufokasi itarekebisha. Ni mwenye astigmatizimu ndiye anayeihitaji, tena kwa ukuzaji mkubwa hata yeye mara nyingi anaweza kuiacha, kwa kuwa mwali mwembamba unapita kwenye sehemu ndogo tu ya jicho.)

Zile zilizokuja katonini, zenye H au SR, zina lenzi mbili tu. H ni ya Christiaan Huygens, Mholanzi aliyegundua Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, mwaka 1655. Mtu mkubwa, lakini okulari yake ni ya zama zake. H ya 20 ibakize kwa kutafutia sayari angani. SR ya 4 waachie watoto wachezee. Na kama ndani ya katoni kuna kioo kidogo cheusi kilichoandikwa SUN, cha kukaza nyuma ya okulari, kivunje leo hii usimpe mtu. Joto la jua linakusanyika palepale, kioo kinaweza kupasuka jicho likiwa juu yake, na jicho halina spea.

Kwa nini nasisitiza digrii 66 wakati sayari ni nukta katikati ya uwanja? Kwa sababu darubini zetu hazina mota. Dunia inazunguka, na kitu kilicho karibu na ikweta ya anga kinahama dakika 15 za tao kwa kila dakika ya saa. Kwa mara 150, Plössl ya digrii 50 inakuonyesha kipande cha anga cha dakika 20 za tao: Zohali inakivuka kwa sekunde 80. Okulari ya digrii 66 inakupa zaidi ya sekunde 100. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila ukisukuma darubini inatetemeka, unasubiri itulie, na picha nzuri inapatikana katika sekunde zile za mwisho. Ukiwa na watu watano nyuma yako wanaosubiri zamu, kama ilivyo kwetu kila mtu akisikia kuna darubini uani, utaelewa faida yake.

Wenye Newton fupi (darubini ya kioo badala ya lenzi ya mbele), kwa mfano 130/650, yaani upana milimita 130 na fokasi 650, okulari ya milimita 6 inawapa mara 108 tu. Wao ningewaambia wachukue okulari ya 9 na Barlow ya mara 2 yenye lenzi za kioo. Inakuwa kama wana okulari ya 4.5, yaani mara 144, na jicho linabaki mbali na kioo kwa raha. Barlow ya plastiki ya mara 3 si ya kubeba. Okulari za zumu, ile ya 7 hadi 21, sizichukii, ila uwanja wake ni mwembamba hasa upande wa 21, na ya 7 haifiki mbali kwenye darubini fupi. Kama unawaonyesha wanafunzi na hutaki kubadilisha vitu gizani, ichukue.

Sasa hewa yetu, maana okulari ya dola 300 haiishindi. Lubumbashi tuko mita kama 1200 juu ya bahari, na kiangazi, tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, usiku unakuwa wazi mfululizo. Lakini mchana jua linachoma na usiku baridi inashuka kwa ghafla. Mabati yanaachia joto kwa saa nyingi baada ya jua kuzama. Ukielekeza darubini juu ya paa la jirani, sayari inachemka. Vivyo hivyo mbabula, jiko la makala, uani: sogea, au subiri chakula kiishe. Toa darubini nje nusu saa au saa nzima kabla, ipoe. Mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma nyasi, anga inakuwa na rangi ya kahawia na nyota ndogo zinapotea. Usiingie ndani. Moshi unapunguza mwanga, na sayari zina mwanga wa kutosha; mara nyingi hewa ya namna hiyo imetulia, na ndizo siku nazotumia ukuzaji wa juu.

Tena tuna bahati ambayo wenzetu wa Bulaya hawana kwa Zohali ya miaka hii. Tarehe 4 mwezi wa kumi 2026 itakuwa mkabala na jua, yaani Dunia iko katikati yao, na kutoka hapa itapanda zaidi ya digrii 70 angani, karibu utosini, ambako hewa ya kupenya ni nyembamba. Brussels haitafika 45. Pete zake zilikuwa zimetugeukia ukingo mwezi wa tatu 2025, na sasa zinafunguka kidogokidogo, kwa hiyo usidhani okulari yako ni mbovu ukiziona bado nyembamba.

Kabla ya kutuma pesa yoyote, chukua rula upime tundu linaloingizwa okulari. Darubini nyingi mpya ni milimita 31.7, lakini zile za okazi kutoka Bulaya, hasa za zamani, zinaweza kuwa 24.5, na okulari ya kisasa haiingii bila adapta. Mtu anayekubebea mzigo mwambie aitoe katonini na kuifunga kwenye nguo katikati ya sanduku. Katoni tupu ndiyo inayokula nafasi na kilo. Ukiipokea, itazame kinyume na taa: vumbi kidogo ndani si neno, ila nyuzinyuzi kama za utando ni kuvu, irudishe. Masika ihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Vumbi la barabara zetu lipulize kwa pampu ndogo ya mpira kwanza. Ukilipangusa kwa shati, linachora kioo.