Mbona Duke Alihukumiwa Bungeni?

SWALI: Mhariri, nimemaliza kusoma Clouds of Witness, riwaya ya Dorothy L. Sayers ambamo Lord Peter Wimsey anapeleleza kesi ya mauaji inayomkabili kaka yake, Duke wa Denver. Je, ni kweli kwamba Mwingereza aliyeshitakiwa kwa mauaji angeweza kuhukumiwa bungeni badala ya mahakamani? Na ikiwa Peter naye ni Lord, mbona hakuwa miongoni mwa mahakimu hao? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, jambo hilo Sayers hakulitunga. Riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1926, kabaila mwenye haki ya kuketi katika Bunge la Malodi aliposhitakiwa kwa kosa kubwa la jinai alihukumiwa na makabaila wenzake, na kila mmoja wao alitamka uamuzi wake kwa kuapa kwa heshima yake. Mtuhumiwa hakuwa na hiari ya kuukataa utaratibu huo. Kesi ya mwisho ya namna hiyo ilisikilizwa mwaka 1935, Lord de Clifford aliposhitakiwa kwa kuua bila kukusudia katika ajali ya gari, akaachiwa. Mwaka 1948 sheria ikaufuta utaratibu huo.

Ama Peter, yeye ni mdogo wa Gerald, ndiye huyo Duke. Cheo cha uduke na kiti cha bungeni vilimwendea mkubwa peke yake, na hilo "Lord" la Peter ni jina la heshima tu wanaloitwa wana wadogo wa duke. Lau angeshitakiwa yeye, angepandishwa kizimbani mbele ya jaji na baraza la wazee kama mchuuzi yeyote wa London.

Nafasi hiyo ya katikati ndiyo inayoiendesha hadithi nzima. Jina linamfungulia Peter milango yote bila kumpa mamlaka yoyote, ilhali rafiki yake, Inspekta Charles Parker wa Scotland Yard, ana mamlaka ya kukamata lakini si mtu wa nyumba ile. Kule Riddlesdale, Yorkshire, Denis Cathcart, mchumba wa dada yao Mary, anakutwa usiku amekufa kwa risasi, naye Duke ameuinamia mwili. Wapelelezi wanaokota kipambo kidogo chenye umbo la paka, wanafuata nyayo, wanahoji watumishi. Lakini kinachowashinda ni ukimya wa Duke, anayekataa katakata kusema alikotoka usiku ule, hata kama ukimya huo utamnyongesha. (Alikotoka sisemi, kwa ajili ya wale ambao hawajaisoma.) Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Mohamed Said Abdulla, ambaye naye si polisi, huchunguza misiba ya nyumba za watu, lakini Peter hapa anapekua siri za ndugu zake wa mama mmoja baba mmoja, na Mary anamdanganya waziwazi.

Kwa maoni yangu, safari ile ya ndege ya kuvuka Atlantiki ili kuiwahi kesi imetiwa chumvi kupita kiasi, na ningalifurahi zaidi kama kurasa zake wangepewa Mary na Parker.

Ukipenda kumwona Peter akifanya kazi bila jina lake kubwa, tafuta Murder Must Advertise ya mwaka 1933, ambamo anaajiriwa kwa jina la Death Bredon katika ofisi ya matangazo ya biashara, kazi ambayo Sayers mwenyewe aliifanya London kwa miaka mingi.